Quiterajo Itangoja: Askari Apange Safari ya Familia Yake kama Apangavyo Doria

Kila kiangazi kinapokaribia, maombi ya likizo hujaa mezani kwa makarani wa vikosi na vituo vya polisi. Masika yamekatika, barabara za udongo zimekauka, shule zinafungwa, na askari aliyekaa mwaka mzima katika lindo, doria na mazoezi hupata siku chache za kuwa mzazi tu. Wengi wetu hurudi vijijini kuwaona wazee, na hilo ni jema. Lakini lipo wazo jingine ambalo nalo halina ubaya: kuitia familia ndani ya gari na kwenda nayo mbali, watoto waione nchi, mito na wanyama kwa macho yao, badala ya kusimuliwa daima na baba anayerudi nyumbani usiku akiwa na kombati yenye vumbi.

Katika safari ambazo baadhi ya waliohudumu kusini huzitamani, ipo moja inayostahili kujadiliwa hadharani. Ni ile ya kuvuka Mto Ruvuma, kuingia jimbo la Cabo Delgado, na kuteremka hadi pwani ya wilaya ya Macomia, hata Quiterajo. Tamaa hiyo inaeleweka. Askari wetu walikuwa miongoni mwa majeshi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika yaliyopelekwa Msumbiji tangu Julai 2021 hadi muda wa ujumbe huo ulipokwisha Julai 2024. Mtu aliyeiona nchi nzuri akiwa na silaha mkononi hutamani kuiona tena akiwa ameshika mkono wa mwanawe.

Rai ninayoitoa kwa askari wenzangu wa jeshi na wa polisi ni hii: safari hiyo tuipange, tena tuipange kwa kina, lakini tusiiende sasa. Mpango ulio kamili ndio huo huo utakaotuonyesha kwamba gari lenye watoto halina kazi katika njia ya Quiterajo kabla njia hiyo haijafunguka kwa wenyeji wake. Kwa wakati huu iko safari nyingine ya kusini, iliyo halali kwa familia, na yenye mambo mengi kuliko tunavyodhani.

UZURI WA NCHI ILE

Haifai kumwambia mtu asiende mahali bila kukiri uzuri wa mahali hapo. Quiterajo ni makao ya utawala mdogo katika wilaya ya Macomia, karibu na pale Mto Messalo unapomwaga maji yake baharini. Pwani ile inakaliwa na Wamwani, watu wa bahari, ambao lugha yao ya Kimwani ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Mtu wa Kilwa au Mikindani akitega sikio kwa makini hataachwa nje ya mazungumzo. Bara kidogo wako Wamakonde, ambao mto haukuwatenga kamwe na ndugu zao wa Newala na Mtwara.

Nyuma ya minazi na mikoko ipo misitu mikavu ya pwani, aina ya msitu ambao umebaki vipande vipande tu kati ya Kenya na Msumbiji. Mmoja wao ni msitu wa Namacubi, karibu na Quiterajo. Wataalamu wa mimea waliofika huko mwaka 2008 na 2009 walikuta mimea mingi ambayo ilikuwa haijaandikwa bado katika orodha za Msumbiji. Tembo wa bonde la Messalo wamekuwa wakipita katika vichaka hivyo kwenda na kurudi majini tangu kale. Kusini yake kuna Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas iliyoanzishwa mwaka 2002, ikiunganisha visiwa, matumbawe na misitu ya bara. Na katika kisiwa cha Ibo imesimama ngome ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, iliyojengwa na Wareno mwaka 1791, wakati kisiwa hicho kilipokuwa kituo kikubwa cha biashara, pamoja na biashara ile mbaya ya watumwa.

Kwa askari, wilaya ya Macomia ina jambo zaidi. Ndani ya wilaya hiyo hiyo ndipo ilipo Chai, ambako tarehe 25 Septemba 1964 wapiganaji wa FRELIMO wakiongozwa na Alberto Chipande walifyatua risasi za mwanzo za vita vya ukombozi. Wapiganaji wa chama hicho walipata mafunzo Nachingwea, katika ardhi yetu. Baba atakayemsimamisha mwanawe Chai na kumweleza habari hizo atakuwa amemfundisha historia ambayo darasa peke yake haliwezi kuifundisha.

Basi mwenye hamu na Quiterajo tusimcheke. Ila nchi nzuri na njia njema ni mambo mawili, na mwenye familia hana ruhusa ya kuyachanganya.

MAJIRA NDIYO AMRI YA KWANZA

Tuanze na hali ya hewa, maana hata amani ikirejea leo, mvua hazitafuti amani na mtu. Magazeti ya Ulaya husema juu ya safari za msimu wao wa joto, yaani Juni, Julai na Agosti. Kwetu na kwa jirani zetu miezi hiyo ni ya ukavu na ubaridi, nayo ndiyo miezi ya kusafiri. Joto la kaskazini ya Msumbiji huja Novemba na Desemba, likiandamana na mvua zinazoendelea hadi Aprili. Mzazi anayengoja likizo ya shule ya Desemba ili apeleke watoto bonde la Messalo, huwapeleka wakati mto unafura na udongo mweusi wa mabondeni unageuka uji.

Mifano iko karibu. Mvua za mwisho wa Desemba 2019 ziliikata barabara kuu ya N380, ile inayopita Macomia kuelekea kaskazini, na wilaya nzima nzima zikabaki zimetengwa. Kabla ya hapo, tarehe 25 Aprili 2019, wakati wengi walipodhani msimu umekwisha, kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyo hiyo na kuharibu vibaya Macomia na Ibo. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kikaingia kupitia Mecufi, kusini ya Pemba. Na asidhani mtu kwamba maafa hayo yana mpaka: mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara yetu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, na wasafiri wakalala njiani na watoto wao.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya safari ya kusini, iwe upande wetu au ng'ambo, ni kuanzia mwisho wa Juni hadi Oktoba. Askari anayepewa likizo Desemba na aende kwa wazazi wake, au apange safari fupi ya lami. Asishindane na mawingu.

NJIA ISIYOFUNGUKA

Sasa tuje kwenye shina la hoja. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na tangu siku hiyo Cabo Delgado haijapata mwaka mmoja wa utulivu kamili. Mocímboa da Praia ilitekwa Agosti 2020 na kukombolewa na majeshi ya Rwanda na Msumbiji tarehe 8 Agosti 2021. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Mji wa Macomia, ambao ndio mlango wa kwenda Quiterajo, ulivamiwa tarehe 28 Mei 2020, na baada ya miaka minne, tarehe 10 Mei 2024, ukavamiwa tena. Januari 2024 adui aliingia Mucojo, kusini tu ya Quiterajo katika pwani ile ile, na akakaa. Kati ya mji na pwani hiyo upo msitu wa Catupa, ambao kwa muda mrefu umekuwa maficho yake.

Katika vita hivi zaidi ya watu milioni moja walipata kuyahama makazi yao. Wamo wavuvi wa pwani ya Quiterajo na Mucojo waliopanda mashua na watoto wao kwenda kutafuta salama Pemba na visiwani. Sehemu ya N380 kati ya Macomia na Awasse imekuwa, kwa vipindi virefu, njia ya kupitwa kwa msafara wenye ulinzi. Mabomu ya kutegwa ardhini, ambayo Msumbiji ilikuwa imetangaza mwaka 2015 kwamba imeyamaliza baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20, yamerudi kwa sura nyingine katika barabara za wilaya hiyo.

Atatokea mjuzi wa ramani aseme: tupite magharibi, tukaione Hifadhi ya Niassa yenye zaidi ya kilomita za mraba 42,000, halafu turudi kwa Daraja la Umoja. Lakini mwezi Aprili 2025 adui alifika hata huko. Kambi za uwindaji na za uhifadhi zilishambuliwa, na askari wa wanyamapori wakauawa wakiwa kazini. Pori lile halina mistari ya mbele na ya nyuma kama uwanja wa mazoezi.

Swali langu ni moja, nalo ni swali ambalo kila mmoja wetu alifundishwa kuuliza tangu depo: habari zako za adui ni za lini? Doria haitoki kwa habari za mwaka juzi. Kwa nini watoto watoke kwazo?

HOJA ZA WANAOTAKA KWENDA

Nimezisikia hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa.

Ya kwanza husema: mimi nilihudumu huko, najua kila kona. Ndugu yangu, ulichokijua ulikijua ukiwa ndani ya kikosi. Ulikuwa na simu ya upepo, gari la mbele na la nyuma, mganga wa kikosi, na kamanda aliyejua uko wapi saa yoyote. Ondoa vyote hivyo, weka badala yake mke, watoto watatu, na kapu la chakula. Je, bado unaijua njia ile? Ujuzi wa askari huchakaa, na ule wa upelelezi huchakaa upesi kuliko wote.

Ya pili husema: kitambulisho changu kitanisaidia. Kitakusaidia kwenye kizuizi cha serikali. Kwenye kizuizi kisicho cha serikali, kitambulisho hicho ndicho kitakachokuhukumu, na pamoja na wewe wale waliokaa nawe garini. Tofauti ya askari na raia katika nchi yenye uasi haipungui kwa sababu askari yuko likizo.

Ya tatu ina heshima zaidi. Husema: tukiogopa kwenda, tumempa adui ushindi, utalii ukifa, wananchi wa pwani ile watakula nini? Ni kweli kwamba mwisho wa kazi ya silaha ni kurudisha maisha, na kwamba mgeni anayelala Ibo na kununua samaki ni sehemu ya amani. Lakini mgeni hufuata amani, hatangulii. Samora Machel mwenyewe alifanya safari iliyo kubwa kupita zote zilizowahi kufanywa kutoka kaskazini ile: tarehe 24 Mei 1975 aliianza safari ya kutoka Ruvuma hadi Maputo, akapita majimbo mpaka uhuru ukamkuta katika mji mkuu tarehe 25 Juni. Je, aliianza lini? Aliianza baada ya Mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974 kunyamazisha bunduki. Kamanda yule aliyejua vita kuliko sisi alingoja njia ifunguke ndipo akaipita kwa shangwe.

Ya nne ndiyo nzito. Husema: mbona wenyeji wanaishi huko na watoto wao? Watoto wetu wana ubora gani kuliko wao? Hawana ubora wowote, na anayefikiri hivyo hafai kuvaa sare. Lakini mwenyeji wa Quiterajo hurudi kwa sababu pale ndipo lilipo shamba lake, kaburi la baba yake, na mtumbwi wake. Anaihesabu hatari kwa kipimo cha uhitaji. Sisi tungeihesabu kwa kipimo cha matembezi. Isitoshe, gari letu likikwama mchangani jioni, nani atakuja kulikwamua? Atakuja kijana wa jeshi au wa polisi aliyeachishwa lindo lake, ambalo labda lilikuwa la kulinda kijiji. Nafasi moja katika msafara, lita moja ya mafuta, kitanda kimoja katika zahanati: vyote hivyo katika nchi ile vina mwenyewe anayevihitaji kuliko sisi. Ndiyo maana kutokwenda kwetu si woga. Ni adabu.

NJIA ILIYO WAZI

Basi kiangazi hiki tuelekee wapi? Jibu liko upande wetu wa Ruvuma, na linaanzia Dar es Salaam kwa lami.

Siku ya kwanza ivuke Rufiji katika Daraja la Mkapa, lenye mita 970, lililofunguliwa mwaka 2003. Wakubwa wetu wanakumbuka enzi ya kivuko, ambapo magari yalipanga foleni siku kadhaa na mvua zikinyesha kusini yote ilifungwa. Watoto waambiwe hilo hapo hapo darajani, ili wajue kwamba barabara si kitu kilichoota. Jioni familia ilale Kilwa Masoko, takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam.

Kilwa ipewe siku nzima, wala si chini ya hapo. Ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari iko Kilwa Kisiwani, mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 na kuusifu, na ambao Wareno waliuteka mwaka 1505. Uko Msikiti Mkuu wenye kuba zake, na jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali. Magofu hayo pamoja na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya miaka 10 yakaondolewa humo mwaka 2014. Askari atakayeyatazama atapata somo juu ya Ibo na Quiterajo: kitu kilicho hatarini si kitu kilichopotea, ikiwa watu watakishughulikia.

Kutoka hapo ni Lindi, ambayo kaskazini-magharibi yake, katika kilima cha Tendaguru, mijusi wakubwa wa kale walichimbuliwa kati ya 1909 na 1913 na mifupa yao kupelekwa Berlin ikibebwa kwanza na wapagazi wetu hadi pwani. Kisha Mikindani, bandari ya kale ambako Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kisha Mtwara yenyewe, na hifadhi ya bahari ya ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Bahari anayoiona mtoto hapo ni ile ile ya Quiterajo; matumbawe hayajui mpaka.

Kurudi, familia ipande uwanda wa Wamakonde hadi Newala, iteremke Masasi, na ifike Nachingwea. Anayetaka kuuona Ruvuma na aende Mtambaswala penye Daraja la Umoja, lenye mita 720, lililofunguliwa na marais wa nchi mbili tarehe 12 Mei 2010. Hata hivyo, mtu asisahau kwamba tarehe 14 Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho upande wetu, kilivamiwa kutoka ng'ambo. Kabla ya kushuka kingo za mto mahali popote, aulize kituo cha polisi kilicho karibu, na aliloambiwa alitii hata kama mwambiaji ana cheo kidogo kuliko chake.

Na kwa anayetaka pori na tembo, ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019, ambayo ni kubwa kuliko nchi kadhaa za dunia. Pori ni lile lile la kusini. Tofauti ni kwamba hapa lipo lango, mlinzi na kitabu cha wageni.

MPANGO UANDIKWE

Sasa kazi ya karatasi. Askari hodari wa kuandika mpango wa doria huondoka likizo bila hata kuhesabu mafuta. Tufanye hesabu. Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560. Gari linalokwenda kilomita nane kwa lita moja litataka lita 70. Ongeza robo kwa mizunguko na dharura, ziwe karibu lita 88. Mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa ni zaidi ya saa tisa bila kupumzika; kwa hiyo mwenye watoto asiipite njia hiyo kwa siku moja, aigawe mara mbili au tatu.

Maji ya kunywa na kupikia yahesabiwe lita nne kwa mtu kwa siku. Watu sita kwa siku mbili za kukwama ni lita 48, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Dumu la maji lisikae pamoja na dumu la mafuta. Tairi la akiba lipimwe upepo nyumbani, si siku ya pancha. Jeki, koleo, kamba ya kuvutia gari na tochi viwekwe mahali ambapo mkono unavifikia bila kushusha mizigo yote. Chandarua na dawa ziwe katika mfuko wa mama, maana malaria ya kusini haina likizo.

Fedha zigawanywe mafungu matatu: mafuta na gari, malazi na chakula, na akiba. Akiba isiguswe mpaka gari limerudi nyumbani. Mtu aliyeimaliza Kilwa hatakuwa na la kufanya gari likiharibika Masasi.

Gari lisitembee usiku. Kila jioni saa kumi na moja liwe limesimama mahali pa kulala. Wanyama huvuka gizani, malori mabovu huachwa barabarani bila taa, na dereva aliyechoka ni hatari kuliko tembo. Abaki nyumbani mtu mmoja mwenye nakala ya ratiba, apigiwe simu kila jioni, na ajue la kufanya simu isipokuja. Kombati na silaha zibaki kikosini. Watoto wakatazwe kupiga picha vizuizi, madaraja yenye ulinzi na magari ya jeshi, na kuzirusha picha za safari mtandaoni kabla hawajarudi. Simu ya mtoto inaweza kusema mambo ambayo baba yake aliapa kuyanyamazia.

La mwisho katika mpango ni ushauri. Mke si askari wa chini wa kupewa amri asubuhi ya kuondoka. Ndiye anayejua mtoto yupi hutapika garini, yupi hupumua kwa shida penye vumbi, na shilingi ngapi zimesalia za karo. Kama askari ni yeye, basi mume ashauriwe vivyo hivyo. Mpango uliotiwa saini na wazazi wawili haubadilishwi njiani na ushujaa wa mmoja.

DALILI NNE

Je, Quiterajo tuifute? Hasha. Iandikwe katika daftari, na mbele yake ziandikwe dalili nne. Ya kwanza, N380 ipitwe bila msafara wa ulinzi kwa mwaka mzima, kiangazi na masika. Ya pili, mabasi madogo ya abiria, yale Wamsumbiji wayaitayo chapa, yaende Quiterajo na Mucojo na kurudi kama yaendavyo mahali pengine. Ya tatu, shule na zahanati za pwani ile ziwe wazi, mwalimu na mganga wakilala huko huko na familia zao. Ya nne, serikali ya Msumbiji yenyewe iwakaribishe wageni. Dalili hizo zote nne zatazamwa kwa mwenyeji, si kwa mgeni. Zikitimia kwake, zimetimia kwetu.

Kuzitimiza ni kazi, na sehemu ya kazi hiyo ni yetu: ya mwenye lindo kando ya Ruvuma, ya polisi anayekagua mashua Mtwara, ya karani anayepokea taarifa ya mwanakijiji na kuipeleka mbele badala ya kuiacha mezani. Kila mmoja wetu anayeifanya kazi yake sawasawa anasafisha hatua moja ya njia ya Quiterajo.

Basi ndugu zangu, ratiba na ziandikwe mapema, matairi yapimwe, na watoto wapelekwe Kilwa, Mikindani na Newala kiangazi hiki. Na wale wa mto wa pili, wavuvi wa Messalo, warudi kwanza wao. Siku watakapokuwa wakipeleka samaki sokoni Macomia bila kutazama nyuma, nasi tutavuka daraja na familia zetu, tukiwa wageni wa watu walio nyumbani kwao.